Dalali wa Kazi za Arabuni Abanwe Hapa Nyumbani

Msichana wa Mnyambe, wilayani Newala, anayekwenda kufanya kazi za ndani Muscat, Oman, hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumwona bosi wake. Wa kwanza mara nyingi ni mtu wa karibu: jirani, shangazi, au dada aliyewahi kukaa Oman na anayemfahamu "mtu wa Dar". Mtu huyo wa Dar ni dalali asiye na ofisi. Ana simu tu. Dalali humkabidhi msichana kwa wakala mwenye ofisi, Dar es Salaam au Zanzibar. Wakala naye ana mwenzake wa Oman, na huyo ndiye anayekubaliana bei na mwenye nyumba. Kila mmoja katika msururu huo ana fungu lake. Sheria yetu inamwona vizuri mmoja tu, yule mwenye ofisi.

Maana sheria zipo. Tangu mwaka 1999 tuna sheria ya kukuza huduma za ajira, inayowataka wanaotafutia watu kazi wajisajili. Kanuni za mwaka 2014 ziliongeza ukali: wakala awe na leseni, na asimtoze anayetafuta kazi ada yoyote, iwe ya wazi au ya kificho. Serikali ina chombo chake cha huduma za ajira, TaESA, kinachoshughulika pia na ajira za nje. Ipo vilevile Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, kumchukua mtu kwa udanganyifu ili akatumikishwe ni jinai, na mshtakiwa hawezi kujitetea kwamba aliyedanganywa alikubali mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliowahi kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi wao walisimulia kunyang'anywa pasipoti mara walipofika, kulipwa pungufu ya walichoahidiwa, na kufanyishwa kazi hata saa 21 kwa siku bila siku ya mapumziko. Kusema kwamba waajiri wa huko ni wakatili ni jibu jepesi, wala halimsaidii anayefunga begi leo. Ukatili unawezeshwa na namna biashara hii inavyolipana, na malipo hayo huanzia huku kwetu.

Mwenye nyumba wa Muscat au Dubai humlipa wakala wa kwao kwa mkupuo, kabla mfanyakazi hajafika. Ndani ya fedha hizo mna tiketi, viza, vipimo vya afya, na fungu la kila aliyeshika mkono wa msichana njiani. Dalali wa huku hulipwa kwa kichwa. Akipeleka watano analipwa mara tano. Akimweleza msichana ukweli wote naye akaghairi, harudi nyumbani na kitu. Uongo mwingi unaosemwa kuhusu mishahara, mapumziko na idadi ya watoto watakaolelewa una chanzo hapo.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wachache wanaelezwa. Katika Falme za Kiarabu sheria humpa mwajiri miezi sita ya majaribio, na mfanyakazi akiondoka ndani ya muda huo wakala hutakiwa kumrudishia mwajiri gharama zake. Kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mwajiri asitapeliwe. Lakini hebu fikiria wakala anayepigiwa simu usiku na msichana anayelia. Akimtoa kwenye nyumba ile, hasara ni yake. Akimwambia avumilie, fedha inabaki. Ndiyo maana wengi hurudishwa kwa bosi yuleyule waliyemkimbia, au huambiwa walipe kwanza "fedha za watu" ndipo warudi kwao.

Wakulima wa korosho wa Masasi, Newala na Tandahimba wanaujua mtego huu kwa jina la kangomba. Mwenye njaa kabla ya msimu hupewa fedha kidogo, na korosho zikikomaa zinabebwa kwa bei ya kutupa, kwa kipimo anachokitaka mnunuzi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, haukuimaliza kangomba, na malalamiko juu ya mfumo wenyewe hayajakoma. Hata hivyo ulifanya jambo moja kubwa: uliyaleta mauzo karibu na mkulima, kwenye chama chake cha ushirika (AMCOS), mbele ya mizani ya kilo na mnada ambao bei yake husomwa hadharani. Mkataba wa kazi ya Arabuni hauna mahali pa wazi kama hapo. Unasainiwa mbali na nyumbani, pengine ukiwa kwa Kiarabu, pengine siku ya safari yenyewe, na akishafika msichana anaweza kuwekewa mwingine mbele yake wenye mshahara mdogo zaidi.

Akishavuka, mfumo wa kafala humshika. Viza yake iko kwa mwajiri, yaani kafili, na akiondoka bila ruhusa huweza kutangazwa mtoro na kukamatwa. Nchi kadhaa za Ghuba zimepunguza makali. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri ili ahamie kazi nyingine, na hilo liliwagusa hata wa majumbani. Lakini mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, na sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 haiwahusu. Bunge letu haliwezi kuzibadili sheria hizo. Linaweza kumfikia wakala wa Dar es Salaam na dalali wake.

Ulinzi wa namna hiyo, wa kumbana wakala kabla mtu hajaondoka kwao, uliwahi kuandikwa, tena zamani. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Namba 50 kuhusu uajiri wa vibarua katika makoloni kama Tanganyika. Zama hizo mashamba ya mkonge yalikuwa na kiu kubwa ya watu. Kusini hapa, Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma kwenda kuyatumikia, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kilichojaza manamba katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Siutamani ukoloni, ulimlazimisha mtu kwa kodi ya kichwa kisha ukajidai kumlinda. Lakini tazama mkataba ule ulidai nini. Machifu wasigeuzwe mawakala wala wasipokee malipo. Mkusanya vibarua awe na leseni, na kama analipwa kwa kichwa, malipo yawekewe kikomo. Na kila aliyeajiriwa apelekwe mbele ya ofisa wa serikali, karibu iwezekanavyo na mahali alipochukuliwa, ili ofisa ajiridhishe kwamba hakulazimishwa wala hakudanganywa.

ILO iliufuta mkataba huo mwaka 2018 pamoja na mingine ya zama zile, na ilikuwa sawa kuufuta, kwa kuwa ulimtazama Mwafrika kama mtoto. Lile sharti la ofisa wa karibu, hata hivyo, lilistahili kubaki. Leo msichana wa Mnyambe anaweza kuondoka na basi la alfajiri, akakata pasipoti ya shilingi 150,000, akapitishwa Zanzibar au Nairobi kwa viza ya matembezi, bila ofisa hata mmoja wa Newala kumuuliza anakwenda kwa nani.

Majirani zetu walijaribu kufunga mlango kabisa. Kenya ilifuta leseni za mamia ya mawakala mwaka 2014. Uganda ilipiga marufuku wafanyakazi wa ndani kwenda Saudi Arabia mwaka 2016. Zote mbili zilifungua tena, kwa sababu watu waliendelea kwenda kwa njia za panya, bila mkataba wala rekodi, na aliyepatwa na shida hakuwa na pa kulalamika. Kufungua bila kubana nako kuna gharama yake: bunge la Kenya liliarifiwa na wizara ya mambo ya nje kwamba Wakenya 89 walifia Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa ndani.

Ufilipino ilipita njia nyingine, nami naiona ndiyo inayotufaa. Sheria yake ya mwaka 1995 inamfanya wakala wa nyumbani awajibike pamoja na mwajiri wa nje kwa kila dai la mfanyakazi. Bosi wa Riyadh asipolipa mshahara, mfanyakazi humshtaki wakala wa Manila, na wakala hulipa kutoka kwenye dhamana aliyoiweka kabla ya kupewa leseni. Wakurugenzi wa kampuni nao hubanwa binafsi, ili wasifunge ofisi moja na kufungua nyingine kesho yake. Bado Wafilipino wanateswa ughaibuni, tena wengi. Ila wakala wao anajua kwamba kumpeleka mtu kwa mwajiri mbaya kutamgharimu yeye mwenyewe.

Wizara yenye dhamana ya kazi inaweza kuyaingiza hayo katika kanuni zetu: uwajibikaji wa pamoja, dhamana ya fedha inayolingana na idadi ya watu wanaopelekwa, na wakala kubeba kosa la kila dalali aliyemletea mtu, awe na barua ya uwakala au asiwe nayo. Na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya afisa wa serikali wilayani, mzazi au ndugu akiwa amekaa pembeni, nakala moja ibaki Newala. Hii haihitaji jengo jipya. Inahitaji afisa kazi mwenye mamlaka hayo na usafiri wa kumtoa Mtwara mjini.

Mpaka hayo yafanyike, ninyi wazazi wa Mnyambe, Masasi na Newala, msikubali binti asafiri kwa viza ya matembezi, kwa sababu kwa viza hiyo kazi yake itakuwa haramu tangu siku ya kwanza. Ulizeni jina lililo kwenye leseni ya wakala, kisha mkalihakiki TaESA au kwa afisa kazi. Aliyedai fedha kwa msichana amekwisha kuvunja kanuni, hata kama ni ndugu yenu. Na mbaki na nakala ya pasipoti na ya mkataba, pamoja na jina na simu ya mwajiri. Bila hivyo ubalozi wetu Muscat hautajua pa kuanzia kumtafuta.