Kitabu cha Tatu Kimefungwa

Barua ya wiki hii imetoka Mbamba Bay. Aliyeandika ni mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 41, aliyelelewa na mwalimu na mkewe. Kwenye matanga ya mwalimu huyo, shangazi mmoja aliropoka mbele ya watu: "Wewe si damu yetu, ulichukuliwa mahakamani." Sasa anauliza: aliyenizaa ni nani, na karatasi zangu ziko wapi?

Niliisoma mara mbili kabla ya kuingia studio.

Neno la shangazi linauma, lakini limetusaidia. Watoto wengi wa mwambao wa Ziwa Nyasa na wa milima ya Umatengo hulelewa na bibi au mjomba bila hakimu kujua. Hao hawana karatasi ya kuasiliwa popote, wasipoteze nauli. Waulize wazee, waombe kuangaliziwa vitabu vya ubatizo huko Liuli au kwenye parokia zao.

Aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama njia yake ni nyingine. Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake tangu 2006 iko chini ya RITA, ana vitabu vya aina tatu. Cha kwanza ni cha vizazi. Kama kuzaliwa kwake kuliandikishwa, jina la awali limo humo, na pembeni pametiwa alama kwamba ameasiliwa. Cha pili ni Daftari la Watoto Walioasiliwa, lenye jina jipya na wazazi wapya. Nakala yake hutumika kama cheti cha kuzaliwa. Cha tatu kinaonyesha kwamba yule wa kitabu cha kwanza ndiye huyu wa cha pili. Hicho ndicho anachokitaka dada yetu, na hicho hakifunguliwi ila kwa amri ya mahakama.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi aliyeasili kumweleza mtoto aliyefikisha miaka 14, ikiwa ni kwa faida yake. Mwalimu alinyamaza, Mungu amrehemu. Scotland mtu mzima huona cheti chake cha asili tangu sheria ya 1930. England na Wales ni tangu ile ya 1975. Kwetu anapitia kwa jaji. Naelewa kumlinda mama aliyemtoa mwanawe, huenda ana ndoa nyingine leo. Lakini mtu wa miaka 41 si mtoto wa kufichwa.

Basi aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, akiwa na nakala ya cheti chake, kisha Mahakama Kuu, Songea. Akumbuke pia kwamba Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kumbukumbu za zamani aziulizie Mbinga.

Na kabla ya nauli ya Songea, dada, rudi kwa shangazi yule yule. Chukua kilo ya sukari, mkae wawili tu. Aliyejua neno "mahakamani" huenda anajua ni mahakama ipi, na mwaka gani.