Sindano za Kichina na matatizo ya tumbo

TUMBO likimsumbua mtu kwa miezi mingi, hatimaye huwa tayari kujaribu kila kitu. Amekunywa dawa za asidi, ameambiwa mara tatu kwamba ana homa ya matumbo, ameacha maharagwe, pilipili na chai ya maziwa, na bado kila akila tumbo linamjaa kama ngoma. Kisha jirani anamweleza habari za mtaalamu mmjoa mjini anayetibu kwa sindano. Anamjia daktari wake na swali moja: Je, niende?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu lake linategemea kile kinacholisumbua tumbo lenyewe.

Tiba hii, iitwayo akupancha, ilianzia Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa yoyote ndani, katika sehemu maalumu za mwili, kisha huziacha hapo kwa dakika 20 au 30. Wachina wa kale walieleza kwamba mwilini mna nguvu ipitayo katika njia zake, na kwamba maradhi huja njia hizo zikiziba. Hakuna daktari aliyepasua mwili akaziona njia hizo. Hata hivyo, maelezo ya kale yanaweza kuwa na kasoro na tiba yenyewe ikawa na faida.

Nchi za Magharibi zilianza kuitilia maanani tiba hii kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja. Mnamo Julai 1971, James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alipatwa na ugonjwa wa kidole tumbo akiwa Beijing. Watu wengi husimulia kwamba alipasuliwa akiwa amechomwa sindano hizo tu bila dawa ya ganzi. Sivyo. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida. Ni baada ya upasuaji, tumbo lilipomjaa gesi na kumuuma usiku, ndipo alipochomwa sindano kwenye kiwiko cha mkono wa kulia na chini ya magoti, huku majani ya dawa yakichomwa moto karibu na tumbo lake. Aliandika kwamba katika muda wa saa moja tumbo lilitulia na halikujaa tena.

Ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi, kwani gesi baada ya upasuaji huweza kuisha yenyewe. Lakini kuchoma goti ili kutuliza tumbo si jambo la ajabu kama linavyosikika. Utumbo una neva zake nyingi, nazo huwasiliana na ubongo mchana na usiku, hasa kwa kupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Ndiyo maana mtu akiogopa mtihani huharisha. Sindano ikichomwa, habari hupelekwa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na kutoka huko mwendo wa tumbo unaweza kubadilika na maumivu kupungua.

Faida iliyothibitishwa vizuri zaidi ni ya kichefuchefu. Mahali panapotumiwa ni upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, kati ya kano mbili. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha husaidia kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji na kwa wagonjwa wanaopewa dawa za saratani. Mahali hapo hata pakibonyezwa kwa kidole gumba huweza kusaidia, na hilo halina gharama.

Kisha kuna kufunga choo, shida ambayo wengi huona haya kuitaja mpaka wawe wamekaa siku tano bila kwenda haja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha wagonjwa 1,075 katika hospitali 15 za Uchina, wote wakiwa na tatizo sugu. Nusu walichomwa sindano zenye umeme hafifu mahali panapostahili, na nusu wakachomwa juu juu mahali pasipostahili. Katika majuma manane, asilimia 31 ya kundi la kwanza walifikia kupata choo kamili mara tatu au zaidi kwa juma, ikilinganishwa na asilimia 12 ya kundi la pili. Ni faida ya kweli, ingawa msomaji ataona kwamba wagonjwa wawili katika kila watatu hawakufikia hapo.

Wale wanaoshiba upesi na kujaa baada ya chakula, huku vipimo havionyeshi kidonda, nao wana matumaini. Huko Beijing watu 278 wa aina hiyo walitibiwa kwa majuma manne, na matokeo kutangazwa mwaka 2020. Waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 83, na kwa zile za kuigiza asilimia 52.

Kwa utumbo unaosokota, mara kuhara mara kufunga choo, mambo ni tofauti. Tathmini ya mwaka 2012 iliyokusanya tafiti 17 haikuona sindano za kweli zikizishinda za kuigiza. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, unaeleza huenda ni kwa nini. Wagonjwa waliowekwa tu kwenye orodha ya kungojea, asilimia 28 walipata nafuu. Waliopewa sindano za kuigiza na mtu asiyezungumza nao sana, asilimia 44. Waliopewa sindano hizo hizo za kuigiza na mtu aliyeketi nao dakika 45 akiwasikiliza, asilimia 62. Sisi madaktari wenye foleni ndefu nje ya mlango tungefaa kuzisoma takwimu hizo mara mbili.

Sasa nije kwa jambo linalonitia wasiwasi. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwaka 1982. Bakteria huyu huuawa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa muda wa siku 10 hadi 14. Sindano hazimuui. Wala haziwezi kuponya kidonda cha mtu anayeendelea kununua diclofenac au ibuprofen dukani kila mgongo ukimuuma.

Hatari zaidi ni saratani. Saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula, imeenea katika maeneo ya magharibi mwa nchi yetu na Bonde la Ufa. Huanza kwa ugali au nyama kukwama, na mtu hudhani ni kiungulia. Miezi mitatu ya kuchomwa sindano huku uvimbe ukikua ni miezi asiyoweza kurudishiwa. Kwa hivyo ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au chenye damu, ukikonda bila sababu, ukiwa na upungufu wa damu, au chakula kikikwama, nenda hospitali kwanza ukapimwe, ikiwezekana kwa kamera inayoingizwa tumboni.

Aliyekwisha kupimwa na kuambiwa hana ugonjwa kama huo anaweza kwenda akipenda, bila kuacha dawa alizoandikiwa. Ahakikishe kila sindano inatolewa katika pakiti mpya mbele ya macho yake na kutupwa baada ya kutumiwa, kwani sindano iliyokwisha kutumiwa huweza kueneza homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Mja mzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo, aseme kabla ya kuchomwa.

Tena apige hesabu kabla ya kuanza. Wagonjwa wa Beijing walichomwa mara 12 na wale wa kufunga choo mara 28, na hakuna aliyepona kwa ziara moja. Mara 28 pamoja na nauli ya matatu ni pesa nyingi. Ikiwa majuma manne yamepita na tumbo liko vile vile, aache, arudi kwa daktari wake.