Jinsi Michezo ya Televisheni Inavyoujenga Upya Mji wa Zamani

Mtu atazamaye mchezo wa televisheni unaosimulia habari za miaka 50 au 60 iliyopita huonyeshwa barabara, magari, mavazi na hata mwanga wa taa za wakati ule. Aghalabu mji wenyewe umekwisha kubadilika: majumba yamebomolewa, mabasi yamekuwa vyuma chakavu, na wengi wa wakazi wake wamefariki. Hata hivyo mtazamaji aliyezaliwa baada ya mambo hayo huondoka akiamini kwamba ameuona mji ule kwa macho yake. Imani hiyo hutokana na kazi ya watafiti, maseremala, washonaji, mafundi wa umeme na wataalamu wa kompyuta. Makala haya yaeleza njia wanazotumia, na mahali ambapo njia hizo huweza kumpotosha mtazamaji.

Kutafuta ushahidi

Kazi huanza kwa kukusanya ushahidi: picha za magazeti, ramani, orodha za bei za maduka, filamu za habari, na picha zilizopigwa majumbani. Kila ushahidi una upungufu wake. Matangazo ya biashara, mathalani, huonyesha vitu vipya tu. Mtu akiyategemea peke yake ataijaza nyumba ya mwaka 1960 vitu vya mwaka 1960, na hapo atakuwa amekosea. Nyumba halisi ya mwaka huo ilikuwa na kabati la miaka ya 1930, redio ya miaka ya 1940, na pengine jokofu jipya. Vitu vya binadamu hulala kwa matabaka kama udongo; kila kipindi hubeba mabaki ya vipindi vilivyotangulia. Mjenzi wa mandhari asiyeikumbuka kanuni hiyo hutengeneza duka la maonyesho, si makao ya watu.

Kutafuta mahali

Si lazima mchezo upigwe picha katika mji unaosimuliwa. Mchezo wa Kimarekani uitwao Mad Men, uliotangazwa tangu 2007 hadi 2015, wahusu kampuni ya matangazo ya biashara mjini New York kati ya 1960 na 1970. Karibu wote ulitengenezwa Los Angeles, upande wa pili wa bara, kwa sababu ofisi na nyumba za kuchezea zilijengwa ndani ya studio.

Mfano wa pili ni Chernobyl, mchezo wa sehemu tano uliotokea 2019. Unasimulia ajali ya kinu cha nguvu za nyuklia ya tarehe 26 Aprili 1986. Mji wa Pripyat, ulioanzishwa 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kinu hicho, ulihamwa siku iliyofuata ajali na haujakaliwa tena. Kwa hiyo watengenezaji walikwenda katika mtaa wa Fabijoniškės mjini Vilnius, Lithuania. Hilo liliwezekana kwa sababu Urusi ya Kisovieti na jamhuri nyingine za Muungano zilijenga nyumba kwa mabamba ya zege yaliyotengenezwa viwandani kwa vipimo vya namna moja. Mtaa wa mji mmoja ulifanana mno na mtaa wa mji mwingine ulio mbali nao mamia ya kilomita.

Berlin ilileta taabu nyingine. Babylon Berlin, mchezo wa Kijerumani ulioanza kutangazwa 2017, huanzia mwaka 1929. Sehemu kubwa ya mji ule iliteketezwa na mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Watengenezaji walijenga barabara za bandia katika studio za Babelsberg, mjini Potsdam, zenye kuta za mbele za nyumba bila vyumba nyuma yake. Kuta hizo hubadilishwa sura ili barabara ile ile iwe leo mtaa wa matajiri, kesho mtaa wa mafukara.

Mwanga na kompyuta

Kila taa ina rangi yake. Uzi wa balbu ya kawaida hupata moto wa Kelvin 2,700 hadi 3,000 hivi, na mwanga wake huelekea manjano. Mwanga wa jua la mchana ni kama Kelvin 5,500, nao huonekana mweupe. Neli za umeme zilizoenea maofisini katikati ya karne ya 20 aghalabu zilitoa mwanga wenye ukijani kidogo. Taa nyeupe za barabarani za siku hizi zikiachwa ziwake, usiku wa 1929 utafichua siri yake hata kama mavazi ni sahihi.

Mahali ambapo ukuta wa bandia unakomea, kompyuta huendeleza kazi. Mafundi hutundika kitambaa cha kijani nyuma ya wachezaji. Kila nukta ya picha huhifadhiwa kwa kiasi cha rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kompyuta huziondoa nukta ambazo kijani imezidi mno, na mahali pake huwekwa picha ya mji wa zamani. Kijani hupendelewa kwa sababu mbili. Kwanza, ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu kuliko ukijani. Pili, katika kamera nyingi nusu ya vipokea-mwanga hupokea kijani, hivyo mpaka kati ya mchezaji na kitambaa huonekana dhahiri. Kompyuta hutumika pia kufuta mambo ya leo kama vile madirisha ya plastiki na visahani vya setilaiti.

Makosa na uchaguzi

Hata watengenezaji waangalifu hukosea, au huchagua kukosea. Katika sehemu za kwanza za Mad Men, zinazohusu mwaka 1960, makarani wanatumia taipureta ya umeme ya IBM Selectric, ambayo ilianza kuuzwa 1961. Lugha ni ngumu zaidi kuliko vyombo, maana haiwezi kununuliwa katika duka la vitu vya kale. Mwanahistoria Benjamin Schmidt alitumia kompyuta kulinganisha maneno ya mchezo huo na maandishi ya miaka ya 1960. Aliona kwamba wahusika husema mno "nahitaji kufanya", hali watu wa wakati ule walielekea zaidi kusema "yanipasa kufanya". Si rahisi sikio la mtazamaji kushtukia jambo kama hilo. Hesabu ndiyo iliyogundua.

Kosa la taipureta halimdhuru mtu. Lakini yako mambo mazito zaidi. Katika Chernobyl, helikopta yaanguka siku za mwanzo baada ya ajali. Kwa kweli ilianguka tarehe 2 Oktoba 1986. Mwanasayansi Ulana Khomyuk hakupata kuwapo. Aliwekwa kuwakilisha wanasayansi wengi, na mchezo wenyewe wakiri hivyo mwishoni. Babylon Berlin nayo yaonyesha siku za mwanzo wa Mei 1929, polisi walipowafyatulia risasi watu katika mitaa ya wafanyakazi na zaidi ya 30 wakafa. Kwa watazamaji wengi, hayo ndiyo maelezo pekee watakayopata maishani kuhusu wafu hao. Jinsi kabati, taa na barabara zinavyokuwa sahihi zaidi, ndivyo mtazamaji anavyozidi kuliamini tukio lisilo sahihi. Usahihi wa vitu si ushahidi wa usahihi wa habari.

Kwa sababu hiyo yafaa walimu wawazoeze wanafunzi kuutazama mchezo wa namna hii kwa maswali matatu. Je, kitu hiki kilikuwapo mwaka huo? Je, ni nani aliyekuwa nacho, na ni nani hakuwa nacho? Je, tukio hili limeandikwa mahali pengine, nje ya mchezo? Swali la kwanza hujibiwa kwa kitabu kimoja. La pili lahitaji picha na mazungumzo na wazee. La tatu ndilo lililo gumu, na ndilo linalostahili muda mwingi zaidi darasani.