Mwalimu wa Hisabati na Sinema Iliyopunguzwa

Katika baraza zetu, mtu anapotaja "sinema ya Kihindi" huwa amezikusanya lugha zote za India katika kapu moja. Kitelugu, chenye wasemaji zaidi ya milioni 80, si Kihindi wala hakina nasaba nacho. Ni lugha ya jamii ya Kidravidi, na kitovu cha sinema zake ni Hyderabad, si Mumbai.

Nayataja haya kwa sababu ya sinema moja ambayo hata jina lake ni somo: 1: Nenokkadine, iliyotolewa tarehe 10 Januari 2014. Nenu ni "mimi". Okkadu ni "mmoja", wa kiume. Kiambishi -ni chaonyesha kwamba huyo mmoja ndiye msemaji mwenyewe, nayo irabu ya mwisho hutia mkazo. Vipande hivyo vyote vimegandamana vikawa neno moja, bila kitenzi, lenye maana ya "ni mimi peke yangu". Mwanafunzi aliyezoea kuchanganua "sitakuja" hatashangaa.

Huyo mpweke ni Gautham, mwimbaji wa roki, anayeigizwa na Mahesh Babu. Anaamini kwamba wazazi wake waliuawa na watu watatu alipokuwa mtoto. Madaktari wanasema ubongo wake una kasoro, na kwamba wazazi hao ni zao la mawazo yake. Anamuua mmoja wa wauaji, anajisalimisha kwa polisi. Kisha picha za kamera zabainisha kuwa alikuwa akipigana na hewa. Nasi tulikuwa tumeyaona mapigano hayo kwa macho yetu!

Mwelekezi wake, Sukumar, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Kakinada kabla ya kuingia katika sinema, na ualimu huo haukumtoka. Anatoa swali, anaficha hatua mbili tatu, kisha anamwachia mtazamaji kalamu. Kila tukio lina uwezekano wa kuwa la kweli au la njozi, na ni lazima lipimwe kwa lile lililotangulia.

Ilitolewa majira ya Sankranti, sikukuu ya mavuno, ambapo familia nzima huenda kumshangilia yule ambaye vijana wetu humwita stelingi. Wakamkuta stelingi asiyeweza kuyaamini macho yake mwenyewe, kwa muda uliokaribia saa tatu. Wengi walilalamika kwamba ni ndefu na haieleweki. Siku chache baadaye watengenezaji wakaipunguza kwa takriban dakika 20. Huko Marekani ilikusanya zaidi ya dola milioni moja, lakini nyumbani haikufua dafu.

Hapo ndipo ninapohitilafiana na waliokata. Hadithi ya mapambano matupu hustahimili mkasi, kwani ngumi moja ikitoka zimebaki nyingine kumi. Hadithi ya shaka haistahimili, maana kila picha ndani yake ni ushahidi. Mwalimu hapunguzi ugumu wa swali kwa kufuta nusu ya maelezo yake.

Hata hivyo sitaitetea kwa kila jambo. Siri inapofichuka, kwamba chanzo cha yote ni mbegu ya mpunga, shaka inayeyuka na ngumi za kawaida zinashika hatamu. Na lile tangazo la Desemba 2013, lililomwonyesha mwanamke akitambaa ufukweni nyuma ya shujaa, lilistahili lawama ambazo mwigizaji Samantha alizitoa hadharani, japo mashabiki walimshambulia kwazo.

Sukumar alipata sifa kubwa zaidi baadaye kwa Rangasthalam (2018) na Pushpa (2021), ambazo masimulizi yake yamenyooka kuliko haya. Lakini hii iliyokataliwa nayo imejipatia wapenzi miaka ilivyopita, wengi wao wakiitazama nyumbani. Huko mtu aweza kuisimamisha, akairudisha nyuma, akahakiki kama yule muuaji alikuwapo au hakuwapo. Mtazamaji wa Sankranti, akiwa amempakata mtoto katika ukumbi uliojaa, hakuwa na nafasi hiyo.