Motokari ya Zamani, Klima ya Leo: Joto Litapita Wapi?

Pengine unamujua muzee mwenye Coccinelle ya mwaka wa 1965, anayeipangusa kila siku ya posho. Motere ya kwanza imekwisha kutoka, ameweka ya 1600. Viti vimeshonwa upya, rangi inangaa. Sasa mutoto wake, kijana mekanisiani, anamuambia: "Baba, tutie klima." Maneno matatu tu! Lakini ndani yake muna kazi ya majuma mengi, na feza ambayo pahali pengine ingetosha kununua motokari ingine yenye klima tayari.

Basi wewe kijana unayejifunza kazi ya garaji, na wewe mama unayechunga feza za nyumba, mukae kidogo pamoja nasi. Kuna ulizo moja linalopita yote: joto litapita wapi?

Watu wengi wanazani kwamba klima inatengeneza baridi. Hapana. Klima ni mubebaji tu: inachukua joto ndani ya motokari na kulitupa inje. Kumbuka namna unavyosikia wakati muganga wa dispanseri anakupaka alkoli kwenye mukono mbele ya sindano. Unasikia baridi, lakini alkoli yenyewe haikukuwa baridi ndani ya chupa. Inapokauka, inaondoka na joto la ngozi yako. Gazi ya klima inafanya vile vile, tena bila kuisha, sababu inazunguka. Kompreseri, inayovutwa na mukanda wa motere, inaikamua mpaka inapata joto kali. Inapita ndani ya kondenseri, ile inayofanana na radiateri. Upepo unaipoza na inageuka kuwa maji. Kiisha inapita katika kilango chembamba sana, nguvu yake inashuka gafula, na ndani ya evaporateri, chini ya tablo, inarudi kuwa gazi na kunywa joto la hewa. Ventilateri inakupulizia ile hewa. Njo hiyo klima nzima.

Waamerika walianza zamani. Kiwanda cha Packard njo kilianza kuuza motokari yenye klima ya kiwandani, kwa modeli za mwaka wa 1940. Bei ya klima peke yake ilikuwa dola 274. Evaporateri ilikaa nyuma, pahali pa mizigo, na kompreseri haikukuwa na ambreyaje: ukitaka kuizima, unasimamisha motokari, unafungua kapo, unatoa mukanda kwa mikono! Kisha 1941 waliiacha. Motokari nyingi za miaka ile, hata za miaka ya 1950, zilitoka kiwandani bila klima, na wenye kuzipenda waliendelea kuzitunza, kuzitia motere ingine na freni ingine. Huko San Antonio, katika Texas, ambako joto linaweza kupita digri 35, Jack Chisenhall alianzisha kampuni ya Vintage Air mwaka wa 1976. Kazi yake ilikuwa kutengeneza klima ya kujificha chini ya tablo ya motokari za zamani. Siku hizi mutu anaweza kununua vifaa vyote pamoja. Lakini vifaa ni kitu kimoja, motokari itakayovibeba ni kitu kingine.

Tuangalie mbili. Chevrolet ya mwaka wa 1955 yenye motere ya V8 ina litri 4.3 na nguvu za farasi 162, tena umeme wake ni wa volti 12. Kompreseri ikichukua farasi wachache, motere ile haisikii sana. Coccinelle ya 1965 yenyewe ilitoka kiwandani na farasi 34 na umeme wa volti 6. Hata na motere ya 1600, farasi ni karibu 50 tu. Ukiwasha klima kwenye mulima, mukiwa watu wanne, utaona wenye baiskeli wanakusalimu wakipita! (Ninazidisha kidogo, lakini si sana.) Tena motere yake iko nyuma, inapozwa na hewa, na radiateri haiko. Kondenseri utaiweka wapi? Kuna waliofunga yao chini ya motokari, pamoja na ventilateri yake ya umeme. Inawezekana. Rahisi haiko.

Umeme njo pahali vijana wanasahau. Ventilateri ya ndani, ile ya mbele, na ambreyaje ya kompreseri, vyote vinakula umeme pamoja na taa. Dinamo ya zamani inatoa pengine ampere 30 hivi, na motere ikiwa ralanti inatoa karibu bure. Batri inakufa polepole, mwenye motokari anafikiri ni batri mbaya, ananunua ingine, na hiyo ingine inakufa vile vile. Anza na alternateri ya volti 12 na waya za unene wa kutosha. Baridi itafuata.

Kwa motokari zenye radiateri, kondenseri inakaa mbele yake. Maana yake hewa inayofika kwa radiateri imekwisha kubeba joto la watu wa ndani. Barabarani, kwa mwendo wa 80, hakuna neno. Lakini simama kwenye bariere, ao katikati ya soko, saa saba za muchana, mwezi wa kumi katika Lubumbashi: upepo hakuna, sindano ya joto inapanda. Hapo motere ya zamani inaweza kupasua jointi ya kulasi, na klima imekula motere. Dawa yake ni radiateri kubwa na safi ndani, ventilateri yenye nguvu, na bati la kuizunguka ili ivute hewa kupitia radiateri yote, si katikati tu. Kuna pia kifaa kidogo, presosta, kinachokata kompreseri nguvu ya gazi ikipita kiasi. Bei yake ni ndogo. Usikiache.

Kisha, hewa baridi inatoroka. Motokari za zamani zina matundu kila pahali: kwa pedali, kwa waya, kwa milango yenye mipira iliyokauka. Ziba matundu, tandika nyuzi nzito za kuzuia joto chini ya tapi. Na kama motokari ina mutambo wa kupasha joto, weka robine ya kufunga maji ya moto kabisa. Bila vile, evaporateri inapoza na maji yanapasha, vitu viwili vinapigana ndani ya sanduku moja.

Sasa gazi. Ile ya zamani, R-12, iliharibu tabaka ya ozoni inayotukinga na jua. Mapatano ya Montreal ya mwaka wa 1987 yaliikataza polepole, na mahali pake ikaingia R-134a. Hii nayo inaongeza joto la dunia. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2016, mataifa yalipatana Kigali kupunguza gazi za aina yake. Kwa hiyo usiiachilie hewani. Tena usichanganye: R-134a inataka mafuta yake na mipira yake. Na kama mutu anakushauri kutia gazi ya kupikia sababu ni bei rahisi, umukatalie. Evaporateri iko ndani, pamoja na watoto; tiyo ikitoboka, cheche moja inatosha.

Mbele ya kujaza, nyonya hewa yote kwa pompi, karibu saa moja. Tone la maji likibaki linaweza kuganda katika kilango, na pamoja na gazi linazaa asidi inayokula vyuma. Kutafuta tundu, tumia azote kavu, kamwe si oksijeni: oksijeni pamoja na mafuta inaweza kulipuka. Na hakuna kusude karibu na gazi. Ikipita kwenye moto inageuka sumu. Vaa miwani, sababu gazi ikiruka kwenye jicho inaligandisha.

Baba na mama, muandike bei yote kwenye karatasi moja: alternateri, radiateri, ventilateri, waya, tiyo, siku za fundi, si kompreseri tu. Muweke karatasi ile kando ya ile ya masomo ya watoto, mbele ya kukata tundu la kwanza katika tablo. Pengine mutaona afazali kioo cha kivuli na dirisha wazi. Na kama munaendelea, siku ya kupokea motokari kwa fundi, musikubali kuizungusha asubuhi tu. Mungoje saa saba, mufunge kapo na madirisha, muwashe klima na taa, na muiache ralanti dakika 20, jicho likiwa kwenye sindano ya joto.