Yoga Isiyo na Kiingilio

Studio ya yoga isiyo ya faida ni ukumbi wa mazoezi unaoendeshwa kama shirika la kijamii. Mwenye uwezo hulipa, asiye nao huingia bure au huchangia alichojaliwa, na pesa inayobaki baada ya kodi ya pango, umeme na mishahara haiingii mfukoni mwa mtu. Hurudi kwenye kazi ileile. Nchini Marekani shirika la aina hiyo husamehewa kodi ya mapato likitimiza sharti hilo na mengine ya kisheria. Kenya njia mojawapo ya kulisajili ni Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Sheria hizo hazionekani mtu akiingia ukumbini. Kinachoonekana ni nani amekaa kwenye mkeka. Katika studio nyingi za kibiashara jijini Nairobi, ada ya kipindi kimoja cha saa moja huzidi anachopata kibarua wa mjengo kwa kutwa nzima, kwa hiyo kibarua huyo hajawahi hata kuuliza bei. Studio ya kijamii huanzishwa kwa ajili yake.

Yoga yenyewe ni ya kale, nayo asili yake ni India. Mazoezi ya mikao yanayofundishwa leo duniani yanatokana kwa sehemu kubwa na Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989), aliyefundisha mjini Mysore miaka ya 1930, na wanafunzi wake wawili, B.K.S. Iyengar na K. Pattabhi Jois. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa siku ya kimataifa ya yoga. Kufikia wakati huo Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuigeuza yoga kuwa biashara kubwa, yenye mavazi yake, mikeka yake na bei zake.

Mfano wa studio ya kijamii unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2007. Paige Elenson, mwalimu wa yoga kutoka Marekani, alikuwa Kenya kwa matembezi na familia yake alipowaona vijana wanasarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao. Vijana hao wakataka awafundishe. Akishirikiana na Baron Baptiste, mwalimu mwingine wa Marekani ambaye mtindo wake wa yoga ni wa kasi na jasho jingi, Elenson alirudi kuwaandaa walimu miongoni mwa vijana wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya ilitumbukia katika ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Mitaa iliyoumizwa vibaya, kama Kibera na Mathare, ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa wengi wa vijana ambao mradi ulilenga kuwafikia.

Ukumbi wa mradi, Shine Centre, ulijulikana kwa darasa lake la Jumamosi lisilo na malipo, ambapo mamia ya watu hujipanga mkeka kwa mkeka: wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wa mashirika, vijana wa mtaa wa Korogocho, wageni wa kupita. Lakini kazi kubwa zaidi hufanyika nje ya ukumbi huo. Walimu huenda kufundisha katika kumbi za mitaa, shule, vikundi vya watu wanaoishi na VVU na hata Gereza la Wanawake la Lang'ata. Kila mwalimu hupitia mafunzo ya saa 200, kipimo kilichowekwa na chama cha Yoga Alliance cha Marekani. Akihitimu, hupata posho ya kila mwezi inayochangwa na mfadhili, mara nyingi wa ng'ambo, naye hufundisha madarasa ya bure kila wiki.

Mpango huo wa posho ndio uti wa mgongo wa jambo zima, na wanaosifu yoga ya kijamii mara nyingi huupita haraka. Darasa la bure lina mtu anayeligharimia. Kijana wa Mathare hawezi kufundisha kwa kujitolea mwaka mzima huku kodi ya chumba ikimngoja. Akiachwa hivyo, darasa litafundishwa na wale tu wenye kipato kingine, na mtaa utarudi kuwa mahali pa kupokea wageni wema wanaokuja na kuondoka. Mwalimu anayelipwa, tena anayeishi mita chache kutoka ukumbini, anajulikana na mama wa kila mtoto aliye mbele yake. Asipoonekana Jumanne, ataulizwa Jumatano sokoni.

Darasa la mtaani huanza na ufagio. Sakafu ya saruji hupigwa deki, mikeka ya mpira hutandazwa, na ikipungua, leso hukunjwa mara mbili badala yake. Mwalimu huanza na pumzi: kuvuta taratibu kwa pua, kuitoa taratibu zaidi. Kisha hufuata mikao ya kusimama, ya kuinama, ya kujipinda. Ule unaorudiwa zaidi ni wa viganja na nyayo chini, makalio yakiwa juu na kichwa kikining'inia katikati ya mikono. Katika darasa la viziwi mkao huo una tatizo lake, maana aliyeinamisha kichwa haoni ishara za mwalimu. Suluhisho ni kuonyesha mfululizo mzima kwanza, watu wakiwa wamesimama wakitazama, halafu kugonga sakafu ili mtikisiko utoe taarifa ya kubadilisha mkao. Wenye magoti mabovu au mimba hupewa kiti.

Mwishoni kila mtu hulala chali dakika kadhaa bila kufanya chochote. Kwa anayeishi na watu sita katika chumba kimoja, dakika hizo ni adimu: hakuna anayemwita, hakuna anayemruka, hakuna redio ya jirani. Wengine hupitiwa na usingizi, na mwalimu mzuri huwaacha walale.

Jambo la kugusana linahitaji uangalifu wa pekee. Katika studio za kawaida mwalimu humsogeza mwanafunzi mkono au nyonga ili kumrekebisha. Kwa mwanamke aliyewahi kubakwa au kupigwa, mkono unaotokea nyuma bila taarifa unaweza kumrudisha palepale alipoumia. Walimu waliofunzwa kuhusu kiwewe huomba ruhusa kwanza, au hawagusi kabisa, na hueleza kila mkao kama jambo la hiari. Watafiti nao wamepima yoga inavyowasaidia watu wenye kiwewe. Mwaka 2014 mtafiti Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba nyingine hazikukiondoa. Baada ya wiki kumi, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, wakati katika kundi la kulinganisha, lililopewa elimu ya afya, ilikuwa asilimia 21. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuata watu wazima 320 wa kipato cha chini katika eneo la Boston wenye maumivu sugu ya mgongo, ukaona kuwa yoga haikuzidiwa na tiba ya viungo. Mgongo ni habari nzito kwa mtu anayebeba mitungi au kuinamia beseni la kufulia kila siku.

Mfano mwingine wa yoga ya kijamii uko Baltimore, Marekani: ndugu wawili, Ali na Atman Smith, pamoja na rafiki yao Andres Gonzalez, walianzisha Holistic Life Foundation mwaka 2001 katika mitaa waliyoijua. Walianza na watoto wa shule, na baadhi ya watoto hao walikua wakawa walimu wa shirika. Katika shule ya msingi ya Robert W. Coleman, mtoto aliyevuruga darasa alipelekwa katika chumba maalumu cha kutuliza pumzi, akaongea na mtu mzima, kisha akarudi masomoni.

Upinzani mkubwa Afrika Mashariki ni wa dini. Wapo wachungaji na masheikh wanaoona yoga kuwa ibada ya Kihindu iliyovikwa nguo za michezo, na hofu yao haipaswi kubezwa, kwa sababu mizizi hiyo ipo kweli. Nchi za Kiislamu zenyewe zimetofautiana: baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008, baraza la maulamaa la Indonesia mwaka uliofuata lilikataza ile yenye maneno ya ibada, Saudi Arabia mwaka 2017 iliikubali kama mchezo. Studio nyingi za kijamii huacha nyimbo na sanamu, zikabaki na pumzi na mikao. Pwani, ambako wanawake wengi hawatafanya mazoezi mbele ya wanaume, darasa la wanawake peke yao chini ya mwalimu wa kike ndilo lenye nafasi ya kudumu.

Ugumu mwingine uko kwenye pesa. Posho inayotoka kwa mfadhili wa mbali hukatika mfadhili akichoka, na humfanya mwalimu awe na macho mawili, moja kwa wanafunzi na jingine kwa picha za kumtumia anayetoa. Machi 2020, korona ilipofunga kumbi, madarasa yalihamia mtandaoni, na wasio na bando wakabaki nje, nao ndio hasa waliokuwa wakihudumiwa. Kwa sababu hiyo studio kadhaa hutafuta mapato ya ndani: hutoza kampuni kwa kuwafundishia wafanyakazi, hutoza wageni ada kamili, huuza mafunzo ya ualimu kwa wanaoweza kulipa, na ziada hiyo hulipia darasa la mtaani. Marekani hesabu za mashirika ya aina hii huwa wazi kwa umma kila mwaka. Kwingineko, mshiriki anaweza kuuliza mambo matatu tu: pango la ukumbi ni kiasi gani, walimu wanalipwa nini, na madarasa mangapi ya bure yalifundishwa mwaka uliopita.