Shingo ya Gita Katika Nchi Kavu

Mji wa Isiolo upo pale nyanda za Meru zinapokoma na nchi kavu ya kaskazini inapoanza. Waborana wa upande huo wana ala yao iitwayo chamonge, ambayo mwili wake ni sufuria na nyuzi zake ni za chuma. Sufuria haipindwi na jua. Lakini seremala atakaye kutengeneza gita la mbao hapo Isiolo hana budi kujihadhari, hasa pale shingo inapoungana na sanduku la sauti.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima, usiku na mchana. Kiungo kikilegea, shingo huvutwa mbele, nyuzi huinuka, vidole huumia na sauti hupotoka. Gita la namna hiyo halina mnunuzi.

Mafundi wa Hispania wana desturi ya kuchanja kisigino cha shingo na kuchomeka humo mbavu za sanduku. Njia nyingine, iliyosifika katika kazi ya Martin, fundi Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833, ni ya ulimi na tundu. Ulimi wa shingo hupanuliwa mwishoni mfano wa mkia wa ndege, nao hushuka katika tundu la gogo lililomo ndani ya sanduku, usiweze kuchomoka kwa kuvutwa.

Fundi hupaka chaki tunduni, huingiza ulimi, kisha huutoa. Pale chaki iliposhika ndipo apunguzapo kwa patasi kali. Hurudia hivyo mara nyingi kabla ya kutia gundi. Tena huweka rula juu ya shingo, atazame kama inaelekea sawasawa darajani. Akipunguza milimita 1 tu chini ya kisigino, huko darajani tofauti huwa kama milimita 3.

Ubao uliotoka penye mvua ukifika Isiolo hukauka na kunywea, na ulimi uliokaza leo hulegea baadaye. Basi mbao na zikae kivulini papo hapo Isiolo kwa miezi mingi kabla ya kukatwa. Gundi ya ngozi yafaa, kwani hulainika kwa mvuke, hata shingo ikaweza kutolewa na kutengenezwa upya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo gita lisiachwe juani.

Wala seremala asitumainie gundi kujaza nafasi aliyoiacha kwa haraka. Mwenda pole hajikwai.